Mbona ungo haupotei?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa Newala. Nina miaka 34 na ni karani katika chama kimoja cha msingi cha ushirika, hizi AMCOS zetu za korosho. Nyumbani tuko saba: mimi, mume wangu ambaye ni fundi pikipiki, wanetu watatu, mama mkwe wangu, na kijana wa shemeji aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu, anasubiri kwenda chuo.

Shangazi, kila siku ya Mungu mimi natafuta kitu. Asubuhi natafuta ufunguo wa ofisi huku uji unamwagikia moto. Mtoto wa kati anatafuta soksi, mdogo anatafuta daftari la hesabu, na baba yao anauliza ile karatasi yenye namba ya mita ya umeme, ya LUKU, iko wapi. Umeme ukikatika usiku ndiyo balaa, kila pembe ya nyumba naitwa mimi: mama, tochi, mama, kiberiti. Nikifika kazini simu inaita, mama mkwe anauliza chumvi nimeiweka wapi. Maji nayo unajua yalivyo huku kwetu juu. Ya bomba kutoka Mitema yanakuja kwa zamu, na mwezi uliopita zamu yetu ilifika mara mbili mapipa yakiwa yamejaa nguo chafu, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuziweka. Tukaishia kuchota ndoo mbili tatu, maji yakakatika.

Kazini ni hivyo hivyo, na cha kazini ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Msimu uliopita, mwezi wa kumi na moja, alikuja mzee mmoja wa kijiji chetu. Wenzake ambao korosho zao ziliuzwa mnada mmoja na zake walikuwa wameshalipwa, yeye pesa haikuingia. Nikaangalia, nikaona namba yake ya akaunti nimekosea tarakimu moja: 6 nimeiandika 0. Ili kurekebisha, ilihitajika nakala ya stakabadhi yake ya kupokelea korosho, kilo zihakikiwe. Nikaitafuta. Nilitoa droo zote, nikamwaga karatasi sakafuni, sikuiona. Mzee alikaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, kofia yake ameipakata, hakusema neno. Mwisho nikatoka nikamwambia karatasi zake ziko chama kikuu cha ushirika, arudi wiki ijayo. Akaniambia, "Ahsante mwanangu, Mungu akubariki." Alirudi mara tatu. Alilipwa wiki tatu baada ya wenzake, tena baada ya katibu wetu kuhangaika na kumbukumbu za ghala.

Machi, napanga madaftari ya watoto, nikaikuta. Upande wa mbele mwandiko wangu, kilo 212, na alama ya dole gumba la mzee. Upande wa nyuma mwanangu amechora nyumba inayotoa moshi na jua kubwa pembeni. Kumbe niliitia kwenye mkoba ili nikanakili usiku nyumbani. Nilikaa kitandani nikalia.

Sijakaa bure, Shangazi. Pesa ya korosho zetu wenyewe nilinunua kabati la milango mitatu. Sasa hivi siwezi kulifungua mbele ya mgeni. Januari nilinunua shajara nzuri, nikaandika mpaka Februari. Nimejaribu kuamka saa kumi usiku. Mume wangu si mtu mbaya, ila amezoea kusema mbele za watu kwamba nimezaliwa mvurugaji. Mama mkwe hasemi kitu, lakini anahamisha vitu, nami naona aibu kumuuliza.

Msimu unafunguliwa Oktoba. Nianzie wapi? Nikiitazama nyumba naona kila kitu kinaniita kwa pamoja. Na karatasi ya mzee bado ninayo. Niifanyeje?

Mama wa watatu, Newala


Marahaba, mwanangu.

Kabla ya yote, simama katikati ya jiko lako ujiulize: ndani ya nyumba hii, ni kitu gani hakijawahi kupotea? Mimi jibu ninalo bila kufika kwako. Ungo. Ungo haujawahi kupotea, wala kinu, wala mchi, wala mbuzi ya nazi. Hakuna mtu Newala nzima aliyempigia mwenzake simu kazini kumuuliza ungo uko wapi. Uko ukutani, kwenye msumari wake. Ukishapepetewa unarudi pale kwa sababu msumari uko wazi unaungoja, na kila mtu anaujua, hata mgeni aliyelala siku moja.

Chumvi je? Chumvi yako inakaa kichwani mwako. Ndiyo maana mama mkwe alikupigia. Ufunguo unakaa kichwani mwako, tochi hali kadhalika, namba ya mita hali kadhalika. Nyumba ya watu saba inatumia kichwa kimoja, na kichwa hicho asubuhi kinaondoka kwenda kupima korosho. Huyo mvurugaji wa kuzaliwa nimemtafuta kwenye barua yako sikumwona. Nimemwona mtu aliyegeuzwa kuwa kabati la watu saba, na ofisini kabati la kijiji kizima.

Nikwambie nilikolijulia hili. Nimefanya kazi masjala, katika ofisi moja hapa Mtwara mjini, miaka mingi mpaka nikastaafu. Siku ya kwanza mama aliyenifundisha kazi hakunionyesha majalada. Alinionyesha daftari la mienendo. Jalada likitoka kwenye rafu, inaandikwa namba yake, limekwenda kwa nani, tarehe ngapi. Pale lilipotoka inachomekwa kadi ngumu yenye maandishi hayo hayo, ili nafasi yake isizibwe na jingine. Akaniambia kwamba mimi nikiugua kesho, mtu asiyenijua kabisa aingie humu, ashike daftari, alipate jalada. Baadaye nikaja kuona mwenyewe kwamba karani mwenye kumbukumbu kali ndiye anayeitia ofisi hatarini, kwa sababu watu wanaacha kuliamini daftari wanamwamini yeye, na siku akiugua kazi zinalala. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe daftari unalo, mwanangu, ila umelimeza.

Basi tuanze. Wiki ya kwanza usipange chochote. Chukua karatasi moja, ibandike nyuma ya mlango wa jikoni, funga kalamu kwa uzi pembeni. Kwa siku saba, yeyote atakayetafuta kitu asikione mara moja, anakiandika pale. Mama mkwe akitafuta, mjukuu amwandikie. Mume wako naye aandike, asikuambie wewe. Nimewafanyisha hivi binti zangu wawili walipoolewa, na kila mmoja karatasi yake ilijaa vitu vile vile vitano sita, vimeandikwa tena na tena. Wewe unasema kila kitu kinakuita kwa pamoja. Karatasi itakuonyesha wanaopiga kelele ni wachache.

Wiki ya pili, hao wachache wape msumari. Nikisema msumari, mara nyingine ni msumari kweli, mara nyingine ni kopo, kikapu au kipande cha ukuta. Mradi kitu kionekane bila kufungua wala kuinua kingine, na kiwe karibu na kinapotumika. Ufunguo wa ofisi: msumari nyuma ya mlango wa mbele, juu, watoto wasiufikie. Tochi na kiberiti: pamoja, upande mmoja wa mlango wa chumba, kwa kimo ambacho mkono wako unafika gizani, kiberiti ndani ya kopo lenye mfuniko wasichezee. Ukishaviweka, usiku mmoja zima taa makusudi, umtume mtoto mkubwa akavilete. Akipapasa sana, hapo si pake, hamisha. Namba ya mita iandikwe kwa maka peni ukutani, pale pale mita ilipo, tena ihifadhiwe kwenye simu ya mume wako na ya kijana. Tarakimu 20 za tokeni zinatosha kumsumbua mtu gizani, asianze tena kutafuta karatasi.

Soksi dawa yake ni rahisi. Nunua za aina moja kwa watoto wote, rangi moja, muundo mmoja, na utaacha kutafuta pacha ya soksi. Kila mtoto awe na kikapu chake karibu na mlango. Baada ya magharibi, kabla ya chakula, sare, madaftari na viatu vya kesho vinakwenda humo. Wewe usikague. Mkubwa amkague wa kati, wa kati amkague mdogo. Siku za mwanzo daftari litasahaulika, na mtoto atakwenda shule bila hilo daftari. Acha aende. Ukikimbia nalo barabarani, umeshakuwa kikapu chake.

Pipa la maji ni la maji. Nguo chafu zitundikie kiroba uani. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa mikorosho nakutahadharisha: kiroba kilichobeba salfa ya kupulizia mikorosho usikitumie kwa nguo wala kwa chakula, hata ukikikung'uta mara kumi. Ile unga inawasha macho na ngozi. Salfa iliyobaki na mashine ya kupulizia vikae kwenye banda, na banda lifungwe. Siku ya zamu ya maji iandike kwenye kalenda ya ukutani kwa herufi kubwa, na jioni ya kuamkia siku hiyo kijana asuuze mapipa. Iwe kazi yake yenye jina lake, asisubiri kutumwa.

Sasa mama mkwe. Hapa nitakaa kidogo, maana naona ndiye mwalimu uliyenaye ndani usiyemjua. Jioni moja kaa naye mkekani umuulize alivyopanga jiko lake wanawe walipokuwa wadogo. Atakusimulia mahindi ya mbegu yaliyofungwa juu ya moto ili moshi uyakinge na wadudu, na kunde kwenye chungu zilizochanganywa na majivu. Atakwambia mchi ulikokuwa ukiegemezwa, na kata ya maji ilikokuwa ikining'inia. Vitu vyake vilikuwa vichache, na kila kimoja kina kwao. Vilivyokuja baadaye, chaja, rimoti, kadi za kliniki, risiti, mifuko ya plastiki, vimeingia nyumbani kwetu bila msumari wake. Yeye anapohamisha vitu hakugombezi. Anaona kitu kinazurura, anakitafutia kwao kwa akili yake, na kwa kuwa hakuna mahali mlipokubaliana, unakiona kimepotea.

Mkabidhi jiko. Mwambie, "Mama, jiko hili lipange wewe, mimi na watoto tutafuata." Ukiikuta chumvi mahali ambapo wewe usingeiweka, nyamaza, ijue pale. Najua baadhi ya wasomaji wangu vijana watanuna, waseme nimemnyang'anya mwanamke jiko lake. Mimi nauliza: hilo jiko lilikuwa lake, au alikuwa analibeba? Jiko likiwa na mpango mmoja unaojulikana na wote, aliyeupanga ni nani si neno.

Kabati lako ndilo lililonisikitisha, kwa sababu ni jasho lako la msimu. Watu wengi hufanya hivyo: pesa ya korosho ikiingia, nyumba ikiwa imewazidi, wananunua kabati. Kabati linaficha tu. Unasukumia ndani, unafunga mlango, jicho linapumzika, na baada ya wiki mbili kila unachotaka kiko nyuma ya kingine. Mwombe mume wako achukue bisibisi aung'oe mlango wa katikati. Ule upande wa kushoto uwe wa nguo zako na zake, wa kulia wa mashuka na vitenge vya shughuli. Wa katikati ubaki wazi, uwe wa watoto, rafu moja kwa kila mtoto. Kisicho na nafasi hapo hakina nafasi nyumbani, kigawiwe.

Ila usilimwage kabati lote siku moja. Nakusihi sana. Utaanza asubuhi na nguvu zako, adhuhuri kitanda hakionekani, magharibi watoto wanalia njaa, na utarudisha kila kitu kwa mikono miwili kama ulivyokitoa. Rafu moja kwa siku. Toa vilivyomo, futa vumbi, rudisha vinavyotumika, basi. Kesho nyingine. Ukiwa na rafu tisa ni siku tisa.

Kuna kitu hukukitaja nami nakihofia: vyeti. Kijana anakwenda chuo. Akiomba mkopo, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na dirisha la maombi halingoji mtu anayepekua masanduku. Leo hii kusanyeni vyeti vya kuzaliwa, vya shule, cha ndoa, vitambulisho vya NIDA, kadi za bima, kadi za kliniki na karatasi za shamba. Kila mtu na bahasha yake ya plastiki, zote kwenye mkoba mmoja, mahali palipoinuka, si kwenye sanduku lililolala sakafuni ambako unyevu na mchwa vinafanya kazi usiku na mchana. Juu ya mkoba bandikeni orodha ya vilivyomo. Piga picha kila cheti, umtumie na dada yako au yeyote unayemwamini. Na hapa fanya kama masjala: cheti kikitoka, karatasi inaingia kwenye bahasha ile, imeandikwa kimekwenda kwa nani na lini. Kazi hii mpe kijana. Ana faida nayo.

Tuje ofisini. Mfumo wa stakabadhi ghalani, tangu ulipoanza kwenye korosho msimu wa 2007/2008, umesimama juu ya karatasi. Mkulima analeta magunia, anayaacha, anaondoka na karatasi, pesa anaiona baadaye. Kwa siku zote hizo za kungoja, ile karatasi ndiyo korosho zake. Kwa hiyo karatasi ya mkulima hailali nyumbani kwako, hata usiku mmoja, hata kama kazi imekushinda. Kazi isipokwisha ibaki ofisini haijaisha. Katibu akilalamika, alalamike. Atakuwa analalamikia kazi iliyopo mbele ya macho yake.

Halafu hiyo 6 iliyokuwa 0. Nina hakika ilizaliwa wakati wa kunakili. Uliandika kwenye karatasi ya pembeni, ukahamishia kwenye daftari, ukahamishia kwenye orodha ya malipo. Kila unaponakili unafungua mlango wa kosa. Andika namba ya akaunti mara moja, moja kwa moja kwenye rejista, kadi au kitabu cha benki cha mkulima kikiwa mkononi mwako, si kwa kuambiwa mdomoni. Kisha isome kwa sauti, tarakimu mbili mbili, yeye au mjukuu wake akifuatilia kwenye kadi. Najua foleni inavyokuwa, mizani inangoja, wabebaji wanapiga kelele, lori limewasha injini. Ni nusu dakika. Mzee wako alikaa benchini nusu siku, akarudi mara tatu, kwa sababu ya nusu dakika hiyo.

Usipange karatasi kwa majina. Katika kijiji kimoja cha kwetu utakuta akina Hamisi Mohamedi watano na akina Somoe Issa wanne, na mmoja siku hizi anajiandika kwa jina la ukoo. Panga kwa namba ya uanachama, na mgongoni mwa kila boksi faili uandike kutoka namba ipi mpaka ipi. Za mnada mmoja zikae pamoja mpaka wote walipwe. Kisha tenga boksi moja, hata la karatasi za rimu lililokatwa juu, uandike ubavuni HAIJALIPWA, liwe mezani mbele yako, na ndilo la kwanza kufunguliwa kila asubuhi. Aliyelipwa anatoka humo, anakwenda kwenye faili. Karatasi ya mzee ingekuwa humo, asubuhi ya kwanza tu ungejiuliza mbona huyu yuko peke yake.

Jioni kubalianeni na katibu mizani isimame robo saa kabla ya kufunga. Hesabu nakala za stakabadhi kwa namba zake za mfululizo, linganisha na rejista. Namba ikiruka, itafutwe jioni ile ile, kabla sakafu haijafagiliwa na kabla kumbukumbu ya siku haijachanganyika na ya kesho. Na tarehe za mnada na za malipo ziandikwe kwa chaki kubwa kwenye ubao wa nje kila zinapobadilika. Nusu ya wanaokupigia simu wanauliza kile ambacho ubao ungewajibu.

Shajara iache, usiionee haya. Kwa mtu mwenye kalenda ukutani na rejista mezani, shajara ni kitabu cha tatu cha kunakilia. Na kuamka saa kumi acha pia. Unahitaji usingizi kuliko unavyohitaji kufua.

Mume wako ni fundi pikipiki. Nenda gereji kwake ukatazame spana zinavyokaa. Spana namba 10 ikikosekana kazi yake inasimama, kwa hiyo nina imani ina mahali pake na anayeigusa anairudisha. Mkiwa wawili, watoto wamelala, mwambie hivi: "Nataka nyumba yetu iwe kama ubao wako wa spana, na misumari upigilie wewe." Umpe LUKU iwe yake moja kwa moja, anunue na kuingiza bila kukumbushwa. Kisha mwambie kwa upole kwamba lile neno la mvurugaji linakuumiza, hasa mbele za watu. Baba, kama unaisoma hii, mkeo hakuomba umsaidie kazi zake. Nyumba ni yenu.

Anzeni sasa, Agosti hii, ili Oktoba ikifika misumari iwe imezoeleka. Korosho zikianza kuanguka usianzishe jipya lolote. Kutakuwa na siku utarudi usiku umechoka, vumbi la magunia kichwani, nyumba imepinduka, na bado zenu wenyewe hazijaokotwa. Siku hiyo tundika ufunguo kwenye msumari, ule, ulale.

Limebaki la mzee. Kuchelewa kulipwa ni kosa la kazi, na makosa ya kazi yanatokea. Lakini ulimwambia karatasi iko chama kikuu, naye akakuombea baraka juu ya neno lisilo la kweli. Nadhani hilo ndilo lililokuliza kitandani, zaidi ya mchoro wa mtoto.

Karatasi ni ya chama. Mpelekee katibu, mwambie ulikoikuta, iandikwe kwamba imeonekana tarehe fulani, iwekwe kwenye faili la msimu ule. Mchoro usiufute wala kuukata, kumbukumbu haichezewi hata ikiwa imechafuka. Kisha Ijumaa moja jioni mwombe mama mkwe akusindikize kwa mzee, ni busara kwenda na mtu mzima. Beba sukari kilo moja, isizidi hapo, isije ikaonekana unanunua kitu. Kaa chini, mwambie maneno machache: karatasi yako nilikuwa nayo mimi nyumbani, chama kikuu haikufika, niliona aibu nikakudanganya, nisamehe. Usimweleze wingi wa kazi. Akikasirika mwache akasirike, ana haki.

Akikusamehe, mwombe alete kadi yake ya benki. Mkiwa hapo hapo barazani, toa rejista mpya, andika namba yake ya kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote wa msimu huu, kisha umsomee tarakimu mbili mbili mpaka mwisho.